6.0 au pointi: mfumo upi unamtendea haki mtelezaji wa Kimarekani?

Tarehe 19 Februari 2026 mjini Milano, Alysa Liu alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya kuteleza kwenye barafu kwa pointi 226.79. Kaori Sakamoto wa Japani alibaki nyuma yake kwa pointi 1.89 tu. Mmarekani wa mwisho kuishika dhahabu hiyo ya wanawake alikuwa Sarah Hughes mwaka 2002, na baada ya fedha ya Sasha Cohen mwaka 2006 hakuna mwanamke wa Marekani aliyepata hata shaba katika shindano la mmoja mmoja. Ni ukame wa miaka 20. Katika miaka yote hiyo mashabiki wao walikuwa na maelezo mawili: wengine walisema mabinti hawaruki vya kutosha, wengine wakasema majaji wanawabania.

Wanaoshikilia hilo la pili mara nyingi huukumbuka kwa hamu mfumo wa zamani wa 6.0. Chini yake Marekani ilivuna dhahabu za Kristi Yamaguchi mwaka 1992, Tara Lipinski 1998 na Hughes 2002. Wanasema ulieleweka na kila mtu na haukuhitaji kikokotoo. Upande wa pili wako wanaoutetea mfumo wa pointi, uliopitishwa na ISU, yaani shirikisho la kimataifa la kuteleza, mwaka 2004 na kutumika kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza Torino mwaka 2006.

Kama umeanza kuufuatilia mchezo huu juzijuzi na unaona watu wakibishana bila kujua usimame wapi, hapa naiweka mifumo hiyo miwili bega kwa bega. Msimamo wangu nautoa mapema: nachagua pointi. Sidhani kwamba majaji wa leo ni waadilifu kuliko wa jana. Ninachokiona ni kwamba chini ya pointi upendeleo wa jaji mmoja una uzito mdogo zaidi, na ukitokea, unaweza kuukamata kwa macho yako mwenyewe.

Jinsi 6.0 ilivyogawa medali

Kulikuwa na majaji 9. Kila mmoja alitoa alama mbili, moja ya ufundi na nyingine ya uwasilishaji, kuanzia 0 hadi 6.0. Wengi hudhani alama hizo zilijumlishwa. Hazikujumlishwa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuonyesha jaji huyo amempanga nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Aliyepangwa wa kwanza na majaji wengi ndiye aliyeshinda programu hiyo; kila mtelezaji huteleza programu mbili, fupi kisha ndefu. Anayefuatilia ngumi ataelewa haraka: majaji wakigawanyika, mmoja wao anabeba mkanda mzima mkononi.

Na waligawanyika kweli. Lillehammer mwaka 1994, Nancy Kerrigan aliingia barafuni wiki 7 baada ya kushambuliwa na kupigwa mguuni kule Detroit. Aliteleza vizuri, akapoteza kwa Oksana Baiul wa Ukraine kwa majaji watano dhidi ya wanne. Jaji mmoja kati ya wale watano aliwapa wote wawili jumla sawa, na kilichompandisha Baiul kwenye karatasi yake ni 0.1 ya alama ya uwasilishaji. Miaka minne baadaye, Nagano, ubishi ulikuwa mdogo zaidi: majaji sita walimchagua Lipinski, mwenye miaka 15, na watatu wakamchagua Mmarekani mwenzake Michelle Kwan.

Salt Lake City mwaka 2002 ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha hesabu ile ilivyokuwa ya ajabu. Nafasi ya mtelezaji kwenye programu fupi ilizidishwa kwa 0.5, ya programu ndefu ikabaki ilivyo, kisha mwenye jumla ndogo kabisa akashinda. Baada ya programu fupi Kwan alikuwa wa kwanza, Irina Slutskaya wa Urusi wa pili, Cohen wa tatu na Hughes wa nne. Kisha Hughes, binti wa miaka 16, akateleza programu ndefu ya kuwaduwaza watu, yenye michanganyiko miwili ya mizunguko mitatu kwa mitatu, yaani miruko miwili mfululizo, kila mmoja wa mizunguko mitatu. Kwan alianguka. Ikawa hivi: Hughes 2.0 kuongeza 1.0 ni 3.0. Slutskaya 1.0 kuongeza 2.0 ni 3.0. Kwan 0.5 kuongeza 3.0 ni 3.5. Hughes na Slutskaya wakafungana, na sheria ikasema aliyeshinda programu ndefu ndiye bingwa. Aliishinda vipi? Majaji watano kwa wanne. Laiti jaji mmoja kati ya wale watano angebadili mawazo, dhahabu ingekwenda Moscow, Kwan, wakati huo bingwa wa dunia mara 4, angepanda kwenye fedha, na Hughes angeshuka hadi shaba. Urusi ililalamika rasmi, ikakataliwa, na hakukuwa na cha kuchunguza. Utamuuliza nini jaji aliyeandika 5.8? Iwe alipenda mikono, iwe aliona kisigino kimeyumba, iwe alikuwa na sababu nyingine kabisa, karatasi haikusema.

Kuna kasoro nyingine ambayo wapenzi wa 6.0 huisahau, nayo iliwaumiza Wamarekani moja kwa moja. Kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 1995 kule Birmingham, Uingereza, Nicole Bobek wa Marekani alikuwa mbele ya Mfaransa Surya Bonaly wakisubiri watelezaji wa mwisho. Akaingia Kwan, wakati huo ana miaka 14 tu, akateleza vizuri na kumaliza wa nne kwa jumla. Alipopangiwa nafasi zake na majaji, Bobek na Bonaly wakabadilishana: Bonaly akapanda kwenye fedha, Bobek akashuka kwenye shaba. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekanyaga barafu tena. Mtu wa tatu, asiyepata medali yoyote, ndiye aliyepindua matokeo ya wawili wengine, kwa sababu mfumo ulihesabu nafasi peke yake na haukujali umbali kati ya mtu na mtu.

Kilichouua mfumo huo si wanawake bali shindano la wawili wawili, kulekule Salt Lake City. Ilidaiwa kwamba kura ya jaji wa Ufaransa ilikuwa sehemu ya makubaliano ya kubebana kati ya nchi. Alifungiwa miaka mitatu, na Wakanada waliokuwa wa pili wakapewa nao dhahabu. Pale ndipo ISU ilipoona haina njia ila kuvunja nyumba na kujenga upya.

Pointi: kila mruko na bei yake

Mfumo wa pointi unamtenganisha anayetambua na anayepima. Jopo la kiufundi linatazama mruko, na likiwa na shaka linarudia video, kisha linaamua ulikuwa mruko gani na mizunguko ilitimia au la. Majaji 9 wao wanapima ubora wake tu, kuanzia -5 hadi +5. Kwa kila mruko, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaondolewa, zinabaki 7 na zinatafutiwa wastani. Mwishoni majaji haohao wanatoa alama hadi 10 kwa vipengele vitatu vya programu nzima: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza.

Bei zinajulikana kabla ya mtu kufunga kamba za viatu. Lutz, mojawapo ya aina za miruko, ikiwa ya mizunguko mitatu ni 5.9. Flipu ya mitatu ni 5.3, lupu ya mitatu ni 4.9. Axel, mruko pekee unaoanzwa ukitazama mbele na kwa hiyo wenye nusu mzunguko wa ziada, ni 3.3 ukiwa wa miwili na 8.0 ukiwa wa mitatu.

Sasa tazama alichofanyiwa, au tuseme alichojifanyia, Mmarekani Amber Glenn pale Milano. Kwenye programu fupi aliipiga Axel ya mitatu ikakaa. Baadaye, kwenye lupu, mwili ukafunguka mapema hewani, mruko ukawa wa miwili badala ya mitatu. Sheria ya programu fupi inadai mitatu hapo, kwa hiyo alipata sifuri. Si pungufu, ni sifuri kamili. Akawa wa 13. Kwenye programu ndefu alipanda hadi nafasi ya 5 kwa jumla ya 214.91, wakati shaba ya Ami Nakai wa Japani ilipatikana kwa 219.16. Tofauti ni 4.25. Lupu aliyoikosa ina thamani ya 4.9 kabla hata ubora wake haujapimwa. Medali ya Olimpiki ya Glenn iko pale, kwenye mstari mmoja wa karatasi ya alama, na hakuna jaji aliyeichukua.

Inauma zaidi kuliko kulaumu majaji, nakubali. Lakini ni aina ya maumivu ambayo mchezaji na kocha wake wanaweza kuyafanyia kazi Jumatatu asubuhi. Kerrigan hakuwahi kupata mstari kama huo wa kuutazama.

Dhahabu yenyewe inasomeka vilevile. Sakamoto, kwenye programu ndefu, aliruka flipu yake akashindwa kuiunganisha na mruko wa pili aliokuwa ameupanga, wa mizunguko mitatu, wenye thamani ya 4.2. Alishindwa kwa 1.89. Chini ya 6.0 tungekuwa bado tunabishana kama majaji walivutiwa na nywele za Liu.

Upendeleo umehamia wapi

Wapo watakaosema nimeupamba mfumo mpya. Basi niseme unapovuja.

Vipengele vitatu vya programu ndilo tundu kubwa. Mruko una bei, lakini utunzi wa 8.75 na wa 9.25 unatofautishwa na nini? Mara nyingi ni jina. Mtelezaji anayejulikana hupewa, na anayetoka nchi isiyo na sauti, au anayeteleza mapema kwenye kundi la wasiojulikana, husubiri miaka kadhaa hadi alama zake zipande huku utelezaji wake ukiwa uleule. Kwa kipimo hicho Mmarekani si mnyonge. Shirikisho lake ni kubwa, majaji wamemwona tangu utotoni, na kwenye mashindano ya taifa alama humwagwa kwa ukarimu, ingawa ISU haizitambui kwenye rekodi za kimataifa. Anayeonewa na jina ni yule asiye na jina, na mara chache huyo huwa Mmarekani.

Tundu la pili ni kwamba majaji wanatokana na mashirikisho ya nchi zao. Sochi mwaka 2014 ilidhihirisha hatari hiyo. Adelina Sotnikova wa Urusi alimshinda Yuna Kim wa Korea Kusini kwa 224.59 dhidi ya 219.11, na kwenye meza ya majaji wa programu ndefu alikuwemo mke wa kiongozi wa shirikisho la Urusi, pamoja na jaji aliyewahi kufungiwa kwa kashfa ya dansi ya barafu kule Nagano mwaka 1998. Kibaya zaidi, wakati huo majina yalifichwa: ulijua majaji ni akina nani, hukujua nani ametoa alama ipi. Pointi zilizofichwa majina zilikuwa mbaya karibu kama 6.0. Kwa bahati, mwaka 2016 ISU ilipiga kura kuuondoa usiri huo. Na kwa wale wanaodhani Sochi iliwaibia Wamarekani: Gracie Gold alimaliza wa 4, pointi 11.20 nyuma ya shaba ya Carolina Kostner, akiwa ameanguka. Aliyedhulumiwa siku ile, kama alidhulumiwa mtu, alikuwa Mkorea.

Tuipime hasara yenyewe. Kwenye programu ndefu ya wanawake, kila kipengele huzidishwa kwa 2.67. Jaji mmoja akimwongezea mtu pointi 1 nzima kwenye vipengele vyote vitatu, na alama zake zikaponea kuondolewa, anachoongeza kwenye jumla ni kama 1.14. Si kidogo. Kwenye shindano la kubanana kama la Milano kinaweza kuamua rangi ya medali. Ila linganisha na 1994 au 2002, ambapo jaji mmoja alikuwa dhahabu yenyewe.

Milano pia ilitupa mfano wa kukamatwa. Kwenye dansi ya barafu, Wamarekani Madison Chock na Evan Bates walipoteza dhahabu kwa Wafaransa Laurence Fournier Beaudry na Guillaume Cizeron kwa pointi 1.43. Karatasi zilipotoka, kila mtu aliona kwamba jaji wa Ufaransa, kwenye dansi ndefu, aliwapa wenzake zaidi ya pointi 7 juu ya Wamarekani. Matokeo hayakubadilika, na hasira ya Wamarekani naielewa. Lakini tofautisha na enzi za 6.0: pale ungepata minong'ono ya korido za hoteli na hakuna tarakimu. Hapa una jina, una safu, una kipengele kwa kipengele. Shirikisho likitaka kulalamika lina cha kuweka mezani.

Uchague upi

Kama unachopenda ni kuketi mbele ya runinga na kuhisi programu nzima kama kitu kimoja, bila kujali robo mzunguko iliyokosekana, 6.0 ilikuwa ya kwako na siwezi kukulaumu. Ilimpa jaji nafasi ya kusema kwamba huyu ameteleza na yule ameruka tu. Mfumo wa pointi umezaa programu zilizojazwa vitu hadi pumzi haipo, kwa sababu kila mzunguko wa mguu unalipwa.

Kama swali lako ni haki, hasa kwa binti anayeamka saa kumi alfajiri kwenda mazoezini na anayehitaji kujua kwa nini alishindwa, chagua pointi, na kisha udai kilichobaki: majaji waajiriwe na kulipwa na ISU yenyewe, si kupendekezwa na nchi zao. Hilo lingefanya zaidi kwa Mmarekani, Mjapani na Mkorea kuliko kurudisha namba 6.0.

Angalia pia ukame ule wa miaka 20 kwa jicho hili. Kuanzia 2007 hadi 2015 hakuna mwanamke wa Marekani aliyepanda jukwaa la mashindano ya dunia. Majaji wa nchi tofauti, miji tofauti, miaka 9, wote wamekula njama? Maelezo mepesi yako kwenye karatasi: mizunguko isiyotimia, michanganyiko iliyoachwa, na wapinzani wa Japani, Korea na Urusi waliokuwa wakiruka zaidi. Kisha Warusi wakaja na mizunguko minne. Beijing mwaka 2022 Anna Shcherbakova alishinda kwa 255.95, kiwango ambacho Mmarekani yeyote wa siku ile asingekifikia hata majaji wote wangetoka California.

Mambo mawili yaliufungua mlango tena. Urusi ilifungiwa tangu Machi 2022, na ISU ikapandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka 15 hadi 17, ikikamilisha hatua hiyo msimu wa 2024/25. Mizunguko minne, ambayo kwa wasichana huwezekana zaidi mwili ukiwa bado mdogo, ikapungua. Hapo aina ya mtelezaji ambayo Marekani inaitengeneza vizuri, mwanamke mzima mwenye kasi na programu iliyokomaa, ikapata soko. Isabeau Levito alichukua fedha ya dunia Montreal mwaka 2024. Liu, aliyestaafu akiwa na miaka 16 na kurudi miaka miwili baadaye kwa masharti yake mwenyewe, akawa bingwa wa dunia Boston mwaka 2025, wa kwanza kwa Marekani tangu Kimmie Meissner mwaka 2006.

Axel ya mitatu, au programu safi?

Huu ndio uchaguzi ulio mikononi mwa watelezaji wenyewe, na pointi zinaujibu kwa uwazi ambao 6.0 haikuwa nao.

Axel ya mitatu ikikaa vizuri inakupa 8.0 na ziada. Ukianguka, majaji watakupa -5, yaani nusu ya thamani inapotea, kisha pointi 1 ya kuanguka inakatwa. Unabaki na 3.0. Mizunguko isipotimia pia, thamani inashuka hadi 6.4 kabla ya kukatwa, na unatoka na 2.2. Mwenzako aliyechagua Axel ya miwili akaipata kwa ubora wa +2 anaondoka na 3.96, pumzi yake iko palepale na vipengele vyake havijatikiswa.

Kwa hiyo Axel ya mitatu inalipa kwa anayeipata mara nyingi kuliko anavyoikosa. Glenn ni mmoja wao. Iliisaidia safari yake hadi ubingwa wa fainali ya Grand Prix mwaka 2024, na nisingemwambia aiache. Kilichomwangusha Milano ni mruko rahisi zaidi uliokuja baada yake, na hapo ndipo mazoezi yake yanapohitaji kwenda. Liu alikuwa nayo utotoni, akaiacha, na ameshinda dunia na Olimpiki bila hiyo. Sakamoto ametwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2022 hadi 2024, kwa kasi na Axel za miwili zinazosafiri mbali.

Levito ndiye ningemtazama. Alizaliwa Machi 2007, kwa hiyo Michezo ya 2030 kwenye Alps za Ufaransa itamkuta na miaka 22. Hana Axel ya mitatu kwenye mashindano, na hesabu hapo juu inaniambia asiihangaikie kwanza. Akikamilisha mizunguko ya michanganyiko yake na kuongeza kasi ya kuingilia mirukoni, kila mruko unaopanda kutoka +1 hadi +3 unamwongezea asilimia 20 ya thamani yake. Kwa mikupuo yote ya miruko ya programu ndefu, hizo ni pointi nyingi kuliko Axel moja ya bahati nasibu, na ni pointi ambazo si rahisi jaji mmoja kumnyima.